Mgeni Njoo, Mwenyeji Augue

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Siwabishii wahenga, maana kijana anayebishana na wahenga huambiwa kakosa adabu. Lakini nina shaka kama wahenga hao walipata kuuguza mtu hapa kwetu Pemba. Wangeuguza, wangeigeuza wenyewe methali yao, wakasema kama ninavyosema mie leo: mgeni njoo, mwenyeji augue. Augue mara ya pili, na safari hii auguzwe na watu wanaompenda.

Vijana wenzangu, najua jarida letu limezoea hadithi za mapenzi na mashairi ya kuwalalamikia wakubwa. Leo naomba kurasa chache nitulalamikie sisi wenyewe. Kosa letu ni jepesi kulitamka: hatumwachi mgonjwa alale.

Nianze nyumbani kwetu, nisije nikaambiwa nasengenya ya watu. Msimu wa karafuu uliopita mama yangu alishikwa na nimonia, ile ambayo bibi zetu wakiiita kichomi. Alilazwa siku sita. Akatundikiwa dripu, akachomwa sindano, homa ikashuka, akaruhusiwa. Daktari, kijana mpole, alituambia mambo mawili tu: amalize vidonge, na apumzike wiki mbili. Vidonge tukavitia mkobani. Hilo la pili tukaliacha palepale mlangoni mwa wodi.

Habari kuwa Bi Mkubwa karudi zilitembea upesi kuliko gari iliyomleta. Siku ya kwanza walikuja majirani. Siku ya pili wakaja wa Wete. Siku ya tatu wakaja wa Konde na Micheweni, gari nzima, na watoto wao, na kila mmoja anataka aisikie hadithi ya ugonjwa tangu mwanzo: ulianzaje, kichomi kilikuwa upande gani, sindano ngapi, dripu ngapi. Mama akaisimulia mara kumi na tano kwa siku, kwa mapafu ambayo yalikuwa bado hayajawa mapafu. Akisinzia anaamshwa: "Amka, Bi fulani kaja kukutazama, katoka mbali jamani." Akiamka anaambiwa: "Mbona umekonda hivyo!"

Na kwetu mgeni haondoki na kinywa kikavu. Dada yangu kaolewa Unguja, kwa hiyo jikoni hakuna mtu. Siku ya nne nikamwona mama kasimama, kajifunga kanga kiunoni, anakanda unga wa mandazi. Anakohoa, anakanda. Wageni barazani wakafurahi: "Mashaallah, kashapona!" Siku ya saba homa ikarudi, pumzi ikawa ya kuvuta kwa shida, tukamrudisha wodini usiku kwa gari ya kuazima. Mara hii alilazwa siku kumi na moja.

Siwezi kuapa kwamba ni mandazi yaliyomrudisha. Nimonia huweza kumrudia hata aliyelala. Lakini naweza kuapa kwamba katika siku zile saba mama yangu hakupata hata saa mbili za mchana za kufumba macho bila mtu kumgusa bega.

Sasa mtaniuliza: weye ulikuwa wapi? Swali zuri. Nilikuwa chumbani naandika riwaya. Na riwaya yenyewe, wallahi siongezi chumvi, inahusu mama anayechoshwa na watu wa nyumba yake. Nilikuwa nakisikia kikohozi kutoka jikoni, nikaandika sentensi nzuri sana juu ya kikohozi kutoka jikoni. Mandazi yalipoiva nikaletewa mawili na chai, nikala. Ndiyo maana sitaki mtu aseme kuwa nahubiri. Nashitaki, na mshitakiwa wa kwanza ni mie.

Hebu tujiulize, usingizi unamfanyia nini mgonjwa? Tumezoea kusema usingizi ni ndugu wa mauti, ndiyo maana tukimwona mgonjwa kalala tunaingiwa na hofu, tunamtikisa tuone kama yumo. Lakini mtu akipatwa na homa hulala mwenyewe bila kubembelezwa, na si kwa uvivu. Askari wa mwili wanaopigana na vijidudu hutoa kemikali, na baadhi ya kemikali zilezile zinazopandisha homa ndizo zinazoleta usingizi. Mwili unamwamuru mtu alale kwa sababu vita vina gharama, na hauna nguvu za kupigana huku mwenyewe anakanda unga. Katika usingizi mzito ndipo inapotoka kwa wingi homoni ya ukuaji, ile inayomkuza mtoto, na ambayo kwa mtu mzima husaidia kutengeneza misuli na viungo vilivyoharibika.

Asiyeamini na asikie hili. Mwaka 2009 mtaalamu mmoja wa Marekani, Sheldon Cohen, na wenzake, walitangaza utafiti waliowafanyia watu 153 wenye afya nzuri. Kwa siku 14 waliwauliza kila siku wamelala saa ngapi, kisha wakawatia puani virusi vya mafua. Wale waliokuwa wakilala chini ya saa 7 waliugua karibu mara 3 zaidi ya wale waliolala saa 8 au zaidi. Mwaka 2015 ukatoka utafiti mwengine wa watu 164, safari hii usingizi ukapimwa kwa kifaa kinachovaliwa mkononi. Waliolala chini ya saa 6 walikuwa na hatari ya kuugua zaidi ya mara 4 kuliko waliopita saa 7. Hao ni watu wazima kabisa, waliopungukiwa na usingizi kidogo tu. Je, yule ambaye vita vimo ndani ya kifua chake?

Au chukueni malaria, ambayo wazee wetu wanaijua kuliko sisi, maana tangu Zanzibar ilipoanza kutumia dawa mseto mwaka 2003, na vyandarua vikagaiwa majumbani, ugonjwa huo umepungua sana visiwani. Dozi ni ya siku 3. Watu wanadhani siku ya 4 mtu kashapona. Siku 3 ni za kuua vijidudu tu. Chembe nyekundu za damu zilizopasuliwa hazirudi kwa siku 3. Chembe moja huishi kiasi cha siku 120, na mwili huhitaji wiki kadhaa kuliziba pengo. Dawa humtoa adui nyumbani, lakini ukuta aliouvunja hujengwa kwa chakula na usingizi. Na nimonia ndiyo zaidi: uchovu wake unaweza kukaa na mtu miezi, vidonge vimekwisha zamani.

Na msije mkasema haya ni mambo ya Wazungu. Sisi tunayajua tangu hapo. Mwanamke wa kwetu akijifungua hukaa arubaini. Siku 40 hukandwa kwa maji ya moto, hupewa uji wa pilipili manga, hupikiwa, hufuliwa, na mama yake au wifi yake ndiye anayeshika jiko. Hakuna anayemwita mvivu. Walioanzisha mila ile hawakuwa na maabara, walikuwa na macho. Basi kwa nini mama huyohuyo akitoka mlangoni mwa kaburi kwa kichomi tunampa siku nne?

Dini yetu nayo imesema wazi. Mgonjwa kasamehewa kufunga Ramadhani, akailipa siku nyengine. Kasamehewa kusimama katika sala: akishindwa asali kakaa, akishindwa asali kalala. Mola kamsamehe saumu na kisimamo, sisi tunashindwa kumsamehe chai ya wageni.

Lakini yuko mgonjwa mwengine ambaye hanyimwi usingizi na wageni, ananyimwa na tumbo. Mtazameni mchumaji wa karafuu. Analipwa kwa alichokichuma. Mchana yuko juu ya mkarafuu, usiku nyumba nzima imekaa kitako inachambua, karafuu huku na makonyo huku, na asubuhi zinaanikwa majamvini. Akishikwa na homa msimu ule, siku moja ya kulala ni siku moja bila pesa, na msimu haumngoji mtu. Kwa hiyo homa ikipoa kidogo anapanda. Anapanda na kizunguzungu, mikono inatetemeka, na kila msimu tunasikia fulani kaanguka mkarafuu. Tunasema ni kudra. Kudra ipo, lakini mara ngapi tumeuliza kama aliyeanguka jana yake alikuwa na homa?

Wenzetu wa Tanzania Bara wana sheria ya ajira ya mwaka 2004 inayompa mfanyakazi hadi siku 126 za likizo ya ugonjwa katika kila miezi 36, siku 63 za mwanzo kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu. Na Zanzibar tuna sheria yetu ya ajira ya mwaka 2005. Vizuri sana. Lakini sheria za namna hiyo zinamjua mtu mwenye mwajiri. Mchumaji wa kibarua, mvuvi, mama wa mwani, kijana wa bodaboda, hawa likizo yao ya ugonjwa ni jirani na ndugu. Ndugu wakija kumtazama na mikono mitupu, wakanywa chai yake na kuondoka, basi likizo hiyo wameila wao.

Sasa nije kwetu sisi vijana, tusije tukajificha nyuma ya akina mama. Sisi tuna ugonjwa wa ushujaa. Kijana asubuhi katolewa dripu, jioni yuko uwanjani anakimbiza mpira, anataka aonekane ngangari. Ndoto yake ni kucheza Gombani, na mimi simzuii kuota. Lakini madaktari wanaonya kwamba virusi vya mafua na homa nyengine huweza kugusa misuli ya moyo, na mtu akijikamua kwa mbio wakati huo, moyo unaweza kumkatikia, hata akiwa na miaka ishirini. Ukikosa mechi mbili utacheza ya tatu. Moyo hauna mchezaji wa akiba.

Na sisi waandishi chipukizi ndio wabaya zaidi, maana tumeugeuza ukeshaji kuwa sifa. Kila mmoja hapa Pemba anataka kuwa Said Ahmed Mohamed, mtoto wa kisiwa hiki hiki, na anadhani njia ya kufika ni macho mekundu. Tunasimuliana: "Mie jana sikulala, nimeandika mpaka alfajiri, na homa yangu!" Mwaka juzi nilipata homa ya matumbo. Dozi sijaimaliza, nikakesha siku tatu mfululizo, nikaandika sura tatu, nikajiona bingwa. Nilipopona nikazisoma. Mhusika mmoja nimemuua sura ya nne, sura ya sita yuko mkekani anakula wali wa nazi. Sura zote tatu nimezitupa. Na homa yenyewe ilinirudi, nikapoteza mwezi mzima ambao ningeweza kuandika nikiwa na akili zangu. Nani kanidhulumu? Nimejidhulumu.

Tena siku hizi usiku wenyewe umepungua. Mwaka 2010 Pemba iliunganishwa na umeme wa gridi kwa waya uliopita chini ya bahari kutoka Tanga. Neema kubwa hiyo, siikufuru. Lakini taa ya chumba cha mgonjwa haizimwi, televisheni inaungurumia ukutani, na simu iko chini ya mto inalia hadi saa sita za usiku: "Vipi, umelala? Nilitaka kukujulia hali tu." Alikuwa kalala, ndugu yangu. Weye ndiye uliyemwamsha.

Najua watakaonijibu. Wa kwanza atasema: huyu kijana anataka kukata udugu, kumtazama mgonjwa ni haki yake juu yetu. Naam, ni haki yake. Hebu lishikeni neno hilo: yake, si yetu. Haki ya mgonjwa haiwezi kuwa mzigo wa mgonjwa. Wazee wetu wenyewe hufundisha kuwa ziara ya mgonjwa iwe fupi, umwombee shufaa, uondoke. Sisi tumechukua ziara tukaacha ufupi. Wala si kosa la Waswahili peke yao. Florence Nightingale, yule muuguzi maarufu wa Uingereza, katika kitabu chake cha uuguzi cha mwaka 1859 aliandika sura nzima dhidi ya kelele karibu na mgonjwa, na sura nyengine dhidi ya wageni wanaommiminia mgonjwa nasaha na matumaini asiyoyaomba. Kumbe akina Bi fulani walikuwako London pia.

Wa pili atasema: mtu akilala sana atalemaa. Huyu ana ukweli wake na nampa. Mwaka 1999 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha uchunguzi wa majaribio 39 juu ya kuwalaza wagonjwa kitandani moja kwa moja. Haukuona kuwa kulazwa hivyo kumewaponesha upesi, na katika maradhi kadhaa kuliwadhuru. Ndiyo maana hospitali siku hizi aliyepasuliwa huinuliwa mapema, atembee kidogo, damu isigande miguuni. Kwa hiyo sisemi mgonjwa alazwe kama gogo. Atembee uani, akae jua la asubuhi, aote upepo. Lakini kutembea uani hatua ishirini na kuteka ndoo nane za maji si kitu kimoja. Ninachodai ni usingizi wa kutosha, na kuondolewa mizigo mpaka nguvu zirudi.

Wa tatu atasema: basi tuache dawa tulale. Huyo nisimpe nafasi hata kidogo. Kule Kilimanjaro iko hospitali ya Kibong'oto, iliyoanzishwa mwaka 1926 kwa ajili ya wagonjwa wa kifua kikuu. Zama zile dawa ya ugonjwa huo haijapatikana, na tiba kubwa ilikuwa mapumziko, chakula na hewa safi. Waliopona walipona, na wengi walikufa. Streptomycin ilipogunduliwa mwaka 1943 ndipo mlango ulipofunguka. Usingizi peke yake si dawa. Lakini dawa inahitaji mwili wa kufanyia kazi, na mwili usiolala ni shamba lisilopaliliwa.

Basi tufanye nini? Sitaki kumaliza kwa kulia tu, maana kulia ni rahisi. Nasema hivi.

Nyumba yenye mgonjwa iwe na mlinda mlango, na awe kijana wa kiume, maana mama hawezi kumfukuza wifi yake. Huyo aseme kwa adabu: "Kalala, nitamfikishia salamu." Mgeni mwema hatachukia. Atakayechukia alikuja kwa ajili yake mwenyewe.

Ziara iwe dakika kumi, na hadithi ya ugonjwa aisimulie mtu mwengine.

Anayekuja na aje na mikono. Mmoja ateke maji, mwengine afue, mwengine alete chungu cha mchuzi kilichokwisha kupikwa kwake. Arubaini ya mzazi tunaiweza, basi tuwape wagonjwa wetu japo robo yake. Siku 10 za kushika jiko la mwenzio ni heshima kubwa kuliko machungwa kumi.

Kwa mchumaji na mvuvi, vikundi vyetu vya kuweka na kukopa, ambavyo vimejaa vijijini, viwe na fungu la mgonjwa. Pesa kidogo ya siku saba, apate kulala bila kuota deni.

Na sisi watoto wa kiume tujue kukanda unga. Mie nimejifunza. Mandazi yangu ya kwanza yalikuwa magumu, mama alicheka mpaka akakohoa, lakini alicheka akiwa kalala.

Mara ile ya pili aliporudi kutoka wodini nilikaa mlangoni wiki mbili na daftari langu. Nimeandika kidogo, maana hodi zilikuwa nyingi. Watu wengine walininunia. Shangazi mmoja aliniambia nimeharibika kwa kusoma sana, na mie niliishia kidato cha nne. Nikampa kiti, nikampa pole ya safari, nikamwambia: "Shangazi, mama kalala. Ukipenda kumsaidia, ndoo ile pale na kisima kile kule."

Alinitazama kwa muda. Kisha akavua buibui lake, akalitundika msumarini, akachukua ndoo.